Krismasi Tuliyobaki Magomeni

Desemba ikiingia Dar es Salaam, salamu hubadilika. Muuza duka, kondakta wa daladala, mzee mnayekaa naye benchi moja kanisani, wote wakishakujulia hali huongeza swali: "Unaenda lini nyumbani?" Ukiwa mtu wa Kilimanjaro kama mimi, huulizwi kama unaenda, unaulizwa siku tu. Na ikifika tarehe 20 ukaonekana bado unanunua vocha mtaani, kijana wa kibandani anakushangaa: "Mangi, bado upo?"

Neno hilo, nyumbani, mama yangu alinifundisha kwa kunisahihisha. Nilipoanza kazi ya ualimu Dar, nikimwambia kwenye simu kwamba nimerudi nyumbani kutoka shuleni, alinikatiza palepale. "Umerudi unapokaa," alisema. "Nyumbani ni huku." Huku ni Marangu, kwenye kihamba chetu cha migomba na kahawa, ambako nyuma ya nyumba kuna kaburi la baba. Kwa mama, Dar es Salaam ilikuwa kama shamba la mbali: unakwenda, unalima, na mavuno unayaleta ilikopandwa mizizi. Nami ni kitinda mimba. Kwa mila zetu Wachagga, kitinda mimba ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi. Ndugu zangu wakikosa kurudi, wamekosekana wao. Nikikosa mimi, nyumba imekosa mwenyewe.

Kwa hiyo kila mwaka, siku mbili tatu kabla ya Krismasi, tulikuwa stendi ya Ubungo alfajiri kabla hakujapambazuka, mimi na mke wangu, tukisukumana na mji mzima. Kulikuwa na magodoro mapya yaliyofungwa kwa kamba, mabegi ya nguo za watoto, televisheni iliyoviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Watu waliokosa tiketi walikubali kukaa kwenye ndoo katikati ya viti. Safari ilikuwa kilomita zaidi ya 500: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo kwa chakula, kisha Same yenye vumbi jekundu, na mwishowe Himo, ambako unakata kona kuupanda mlima na baridi inakupokea dirishani. Tulipooana mwaka 2009 tulisafiri hivyo. Mwaka 2010 tulisafiri hivyo. Mwaka 2011 tukabaki.

Tulikuwa tukikaa Magomeni Mapipa, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Unaingia mlango wa mbele wenye baraza, unakuta ukumbi mrefu wa giza, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na mwisho wa ukumbi ni uani: jiko, pipa la maji, choo, mwembe mmoja na kamba za kuanikia nguo. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima wa Kizaramo, nasi sote tulimwita Bibi. Alikaa chumba cha kwanza kulia ili amsikie kila anayeingia. Sisi tulikuwa na chumba cha mwisho kushoto, karibu na uani, na ukuta wetu ulipokea moshi wa majiko ya watu wote. Vyumba vingine vilikuwa na dereva wa lori kutoka Singida, mume na mke wa Mbeya, vijana wawili wa Kibosho waliouza vipuri Kariakoo, na fundi cherehani wa Lindi.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake ya Desemba. Anayesafiri humwachia Bibi ufunguo wa chumba chake, kwa sababu bati likivuja lazima mtu aingie kuondoa godoro. Bibi aliutundika kwenye msumari uliokuwa juu ya mlango wake. Nilikuwa nimeuacha ufunguo wetu hapo mara mbili, na sikuwahi kuutazama tena msumari ule nikishafunga begi.

Mwaka huo nchi ilikuwa imetimiza miaka 50 ya Uhuru. Ijumaa ya tarehe 9 Desemba tulisikiliza sherehe kwenye redio ya Bibi, barazani, na kaulimbiu ya mwaka ilikuwa imeshajaa kwenye fulana na khanga za mtaa mzima: tumethubutu, tumeweza, tunazidi kusonga mbele. Jioni ile mke wangu alirudi kutoka kazini akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Yeye ni muuguzi, na wakati huo alikuwa katika hospitali iliyo ng'ambo ya pili ya bonde la Msimbazi, upande wa mjini. Karatasi ilikuwa ratiba ya zamu. Alikuwa zamu za usiku katika juma la kabla ya Krismasi, na mchana wa tarehe 26.

"Wewe nenda," aliniambia. "Mama anakungoja."

Nilikwenda kukaa chini ya mwembe, nikafikiri kwa muda mrefu. Sikuwa nimewahi kukosa Krismasi ya Marangu tangu nizaliwe. Lakini nilimwona mke wangu akirudi kutoka zamu asubuhi ya sikukuu, anapita kwenye ukumbi wa giza ambamo vyumba vyote vimefungwa, anafungua mlango wetu mwenyewe na kujipikia chai ya kikombe kimoja. Nikaona sitaweza kula nyama ya mbuzi huku nikiwa na picha hiyo kichwani. Nikampigia mama.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa nani atamshika mbuzi?"

Kazi ya kumshika mbuzi miguu kaka anapochinja ilikuwa yangu tangu nikiwa na miaka kumi. Nilimjibu kwamba mtoto wa kaka amekua, ataweza. Mama akasema, "Haya, baba," kwa sauti ya mtu aliyeweka kitu chini taratibu, na tukaagana. Usiku ule sikulala vizuri.

Kuanzia tarehe 15 nyumba ilianza kuondoka chumba kwa chumba. Vijana wa Kibosho walikuwa wa kwanza, wakiwa wamevaa suruali mpya zenye mikunjo ya dukani. Wakafuata watu wa Mbeya, halafu dereva. Fundi cherehani, Mwislamu asiye na Krismasi ya kuwahi, alisema kama mji wote unaondoka na yeye atakwenda kumwona mama yake Lindi. Mwaka huo funguo hazikutundikwa kwenye msumari. Bibi alizipokea, akazihesabu, akaja nazo chumbani kwetu. "Macho yangu hayaoni usiku," alisema. "Na nyie si mpo?" Akazifunga kwa utepe mwekundu wa khanga na kumkabidhi mke wangu, funguo nne.

Siku hiyohiyo mwalimu mkuu wangu alikuwa akisafiri kwenda Bukoba. Shule ilishafungwa tangu mwanzo wa mwezi na walimu wote walikuwa wametawanyika makwao. Akanipigia simu niende kuchukua funguo za ofisi na za madarasa, kwa kuwa ni mimi tu niliyebaki mjini. Nikazitundika kando ya zile za wapangaji, kwenye ukuta wa chumba chetu chembamba, na chumba kikawa kama ofisi ya mlinzi.

Sijui nieleze vipi utulivu wa siku zile nne zilizofuata. Uani ambako kila asubuhi tulipanga foleni na ndoo palikuwa petu. Mke wangu akirudi kutoka zamu ya usiku alikuta nimeshachemsha maji ya kuoga na kupika chapati kwenye jiko la mkaa. Tulikula nje, kwenye mkeka chini ya mwembe, saa tatu ya asubuhi, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tangu tuoane, kwa kuwa asubuhi zetu zote zilikuwa za kupishana mlangoni. Kisha alilala na mlango wazi, pazia likipepea, nami nikakaa kwenye kiti ukumbini nikisahihisha madaftari ya mitihani huku nikimsikia akipumua.

Asubuhi moja, akimenya chungwa la kwao Muheza, alisema bila kuniangalia: "Mwaka huu nimepumzika." Nikadhani anazungumzia safari. Akaendelea kumenya, ganda likishuka kama utepe mmoja usiokatika. "Kule Marangu wananipenda. Lakini kila anayekuja kutusalimia ananitazama tumbo kwanza, ndipo ananitazama uso. Mama naye akinipa mtori ananiambia kula, unenepe, mtoto apate pa kukaa. Natabasamu mpaka mashavu yanauma. Siku ya tatu naanza kuhesabu siku za kurudi."

Miaka miwili mke wangu alikuwa amebeba hayo, na mimi nilikuwa palepale, nimeshika miguu ya mbuzi. Sikuwa na la kusema. Nilipokea kipande cha chungwa alichonipa, na tulikaa hivyo mpaka jua likafika kwenye mkeka. Nadhani ndoa yetu, ile ya watu wawili wanaojuana, ilianzia pale.

Jumatatu ya tarehe 19 jioni aliondoka kwenda zamu. Mvua ilikuwa imeanza kunukia. Alfajiri ya Jumanne nikaamshwa na mlio wa bati ambao sijausikia tena maishani. Dar tunaijua mvua, lakini ile ilishuka kama mtu anayemimina ndoo bila kuinua mkono. Nilichukua funguo za wapangaji nikapita chumba kwa chumba na taa ya chemli. Kwa dereva maji yalikuwa yanatiririka ukutani. Kwa fundi cherehani yalikuwa yanadondokea vitambaa vya wateja, nikavihamishia kitandani kwetu, gunia baada ya gunia. Bibi alisimama mlangoni mwake na tasbihi mkononi, akisema neno moja tu: "Bondeni. Bondeni kuna watu."

Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, ukapita katikati ya mji na kuingia baharini penye daraja la Salender. Siku nyingi za mwaka ni mto ambao mgeni hawezi kuamini kwamba ni mto. Siku ile uliidai njia yake yote. Niliposhuka mpaka mwisho wa Mapipa, pale barabara ya Morogoro inapoteremka kwenda Jangwani, barabara haikuwapo. Viwanja vya Jangwani, vilivyozoea mikutano ya siasa na mpira wa mchangani, vilikuwa ziwa la rangi ya chai ya maziwa, na juu ya mapaa watu walikuwa wamekaa na watoto mapajani, wakipunga nguo. Ng'ambo ya maji hayo ndiko alikokuwa mke wangu. Nikapiga simu yake, ikaita mara moja ikakatika. Nilisimama na umati ule, mvua ikinipiga, nikapiga tena na tena. Mchana ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Mimi mkeo. Simu imezima. Niko salama. Wa kunipokea hawajafika, naendelea na zamu."

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema baadaye kwamba mvua kama ile haikuwa imeonekana Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha katika siku zile, na maelfu walibaki bila makazi. Takwimu hizo niliziona gazetini. Nilichokiona kwa macho ni mama mmoja akipanda kutoka bondeni amejitwika kichwa cha cherehani, maji yakimtiririka usoni, hana kingine chochote na wala hageuki nyuma.

Jioni ile simu yangu iliita. Alikuwa mtendaji wa mtaa. Walikuwa wamezungukia shule kadhaa kutafuta pa kuwaweka watu, na kila walipofika walikuta kufuli. Mtu mmoja alimwambia kuna mwalimu Mchagga amebaki, anakaa kwa Bibi pale Mapipa. "Mwalimu, una funguo?"

Nilizitoa ukutani. Nikakimbia gizani na mvua, funguo zikilia mfukoni, nikafungua darasa la tano, la sita, la saba, kisha ofisi. Mtendaji na vijana wa mtaa wakasukuma madawati ukutani. Watu wakaingia na kukaa chini palepale walipofikia, wanalowesha sakafu, kimya. Hawakulia usiku ule. Kulia kulikuja kesho yake, kila mtu alipoanza kuhesabu.

Asubuhi ya Jumatano nilimkuta baba mmoja amepanga madaftari ya mwanawe juu ya dawati, akiyafungua ukurasa kwa ukurasa yapate upepo. Nikainama kutazama. Wino wa bluu wa mtoto ulikuwa umeyeyuka wote, ukurasa mzima umekuwa anga. Kilichobaki kinasomeka ni alama za kalamu nyekundu: vyema, alama ya mkasi, 7 kwa 10. Mwandiko ulikuwa wangu. Binti yake alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la tano, na alikuwa amelala pembeni, mzima, amefunikwa koti la baba yake. Nilikuwa nimemfundisha mwaka mzima bila kujua kwamba anaishi bondeni, kwa kuwa kila alfajiri alipanda kuja shule akiwa na soksi nyeupe.

Mke wangu alirudi Alhamisi jioni. Gari la wafanyakazi liliwazungusha kwa njia ya Salender mpaka Kinondoni, kutoka hapo akatembea, viatu mkononi. Alikuwa amekesha siku tatu. Nilimwekea maji ya kuoga, nikamweleza habari za shuleni huku anakula. Alipomaliza kula hakulala. Alichukua beseni letu, chumvi, sabuni na pamba, akafunga khanga ya pili kiunoni, akasema, "Twende."

Darasani alianza na miguu. Watu walikuwa wametembea kwenye maji yaliyoficha mabati na chupa zilizovunjika, na karibu kila mguu ulikuwa na kidonda ambacho mwenyewe hajakitazama. Aliwakalisha kwenye madawati ya watoto, yeye akakaa chini, akaosha mguu mmoja baada ya mwingine kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akiuliza jina la kila mtu kabla ya kugusa. Wenye majeraha makubwa aliwaandikia kwenye karatasi waende kituo cha afya kesho yake. Kina mama aliwasisitizia kuchemsha maji ya kunywa, kipindupindu kisije kikamalizia kazi ya mto. Bibi kizee mmoja alipomaliza kuoshwa alimshika mke wangu kichwa kwa mikono miwili na kumwombea kwa Kizaramo. Mke wangu aliinamisha shingo mpaka dua ikaisha.

Krismasi iliangukia Jumapili. Jumamosi nilinunua kuku wawili wa kienyeji sokoni Magomeni, nikawaleta uani, nikaanza kunoa kisu. Mke wangu alinishika mkono. "Tumwite mtu wa Bibi achinje," alisema. Mimi nimekulia Marangu, ambako kila mlango uliotuzunguka ulikuwa wa Mkristo. Yeye amekulia Muheza, ambako sikukuu ya mmoja ni sikukuu ya mtaa, na kuku akichinjwa na Mwislamu kila jirani anakula. Akaja fundi baiskeli wa kona ya pili, akawaelekeza kuku kibla, akasoma bismillahi, na Krismasi yetu ikaanza hivyo.

Asubuhi tulikwenda ibada Azania Front, kanisa la vigae vyekundu linaloitazama bandari. Daladala ilipita Jangwani taratibu, madirisha yote yakiwa wazi na harufu ya matope ikiingia. Pembeni mwa barabara kulikuwa na magodoro, makabati yaliyovimba, Kurani iliyoanikwa juu ya kiti, sare ya shule kwenye mti. Kondakta hakupiga kelele za abiria. Kanisani viti vilikuwa na nafasi, maana nusu ya kwaya ilikuwa Kilimanjaro na Kagera. Waliobaki waliimba kwa nguvu za walioondoka, na mke wangu, ambaye ni Mwanglikana, alizijua nyimbo zote.

Tuliporudi tulimkuta Bibi ameshatoa uani sufuria lake kubwa, lile la shughuli. Pilau ya sikukuu ile walipika wawili. Bibi alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawa, mke wangu akatwanga bizari nzima, hiliki, mdalasini na pilipili manga. Maji yalipokauka walipalia makaa juu ya mfuniko na kukaa pembeni kama watu wanaolinda mtoto aliyelala. Majirani nao walikuwa wameanza kuleta: huyu sahani ya ndizi, yule jagi la juisi ya ukwaju, muuza genge mfuko wa nyanya na kachumbari iliyoshakatwa. Saa nane tulibeba sufuria mimi na fundi baiskeli, kila mmoja na sikio lake, tukaenda nalo shuleni.

Sisi wawili tulikula mwisho, tumekaa kwenye kizingiti cha darasa la tano, sahani moja katikati yetu. Binti wa madaftari alipita akicheza na wenzake, akasimama, akasema, "Shikamoo mwalimu. Heri ya Krismasi." Kisha akamgeukia mke wangu, "Shikamoo sista." Mke wangu alitazama uwanja ule wa shule, nguo zimeanikwa kwenye nguzo za magoli, moshi wa majiko ya mawe ukipanda, akasema, "Tungeondoka, nani angefungua?"

Usiku nikampigia mama simu. Nyuma yake nilisikia kelele za wajukuu na mtu akiimba, mbege ilikuwa imeshafika. Alikuwa amesikia habari za mafuriko redioni na hakuwa amelala siku mbili. Nikamweleza yote, madarasa, miguu, pilau. Alisikiliza bila kunikatiza, na mwisho akasema: "Basi mbuzi alishikwa. Usiwe na wasiwasi."

Januari wapangaji walirudi mmojammoja, na mkungu wa ndizi, na debe la viazi, na mfuko wa mchele wa Kyela. Kila mmoja alikuja kugonga chumba cha mwisho kushoto kuchukua ufunguo wake. Fundi cherehani alipoona vitambaa vyake vikavu, vimekunjwa na kupangwa, alikaa kitandani kwetu akashindwa kuzungumza. Watu wa shuleni nao walianza kuondoka, wengine kwa ndugu, wengine Mabwepande, nje ya mji, ambako serikali iliwapa viwanja. Nilirudishiwa madarasa yangu. Kwa miezi kadhaa, sakafu ya darasa la tano ilibaki na alama za maji ambazo hazikufutika kwa kupigwa deki.

Bibi hakutuuliza tena "mnaenda lini nyumbani?" Alianza kutuuliza, "Mwaka huu mtakuwa huku au kule?" Alipokuwa akituombea safari njema alisema methali ya wazee wa pwani, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na tulielewa kwamba kwake ngamani ni pale uani, chini ya mwembe.

Desemba 2012 tulikwenda Marangu. Kabla ya kuondoka nilimpigia mama nikamwambia jambo moja: "Mama, swali la mtoto, mwaka huu niulize mimi." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimesikia." Hakumwuliza mke wangu, na shangazi mmoja alipofungua mdomo mezani, mama alimpa bakuli la kiburu akamwambia ale kabla hakijapoa.

Usiku wa mkesha mvua ilinyesha. Mvua ya Marangu ni ya upole, inashukia majani ya migomba kwanza, ndipo inafika chini. Lakini niliposhtuka usingizini, nilimkuta mke wangu ameshakaa kitandani. "Bondeni kukoje?" aliuliza. Nilivaa koti la baba, nikatoka na kurunzi, nikapita kando ya kaburi na kupanda mpaka pale mtandao unaposhika, nikampigia Bibi usiku ule wa manane. Alipokea upesi, kama aliyekuwa akingoja. Mvua imepita mbali, alisema. Bonde kavu. Funguo zote zipo, na chumba chenu nimekifagia.

Nilipotelemka niliona moto jikoni. Mama alikuwa ameamka, amekaa kwenye kigoda, sufuria ya chai ikianza kuchemka. Alinitazama nilivyolowa, akanisogezea kigoda kingine karibu na moto, akamimina chai mpaka kikombe kikajaa.

"Huko nyumbani," aliuliza, "wako salama?"

"Wako salama, mama," nilijibu, na chai nilikuwa nimeshafika nusu kikombe ndipo nikatambua neno alilotumia.